Dini ya Pepo wa Mama Mdogo

Nilipokuwa mtoto nilijua dini ya kila aliyekuwemo nyumbani mwetu, hata ya pepo wa mama mdogo Salma. Sisi sote Waislamu, pepo Mkristo. Alikuwa kibuki, wa kutoka kisiwa cha Bukini, ng'ambo ya bahari, na Unguja kila mtu anajua kuwa kibuki hasali wala hafungi, na kinywaji chake ni brandi. Tulipokimbia mapinduzi mwaka wa sitini na nne tuliacha nyumba, shamba na makaburi yetu. Pepo hakuachwa, akaja Maskati kichwani mwa mama mdogo. Huku brandi hakuna na ngoma marufuku, basi kila akipanda alianza kwa kudai kinywaji chake, kwa sauti nzito ya kukwaruza. Bibi, mama yake mama mdogo, akimpa siki iliyotiwa sukari, naye pepo akimtukana mpaka ashuke.

Bibi alimvumilia pepo, lakini wamisheni, ng'o. Hao walikuwa na hospitali yao Matrah, mji wa jirani, na Bibi akisema dawa yao ni chambo. Jirani yetu mmoja alilazwa kule kwa homa, akarudi mzima, ila siku moja akifua nguo alisikika anaimba chini kwa chini wimbo wao. Lisemwalo lipo, alisema Bibi, na tangu siku hiyo hakunywa tena kahawa ya jirani yule.

Mama mdogo akaja kushikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa kazini Kuwait. Usiku kucha, na siku ya pili mpaka alasiri, mtoto hatoki. Mkunga alinawa mikono akasema mtoto amelala mshazari, yeye hawezi tena, apelekwe Matrah kabla lango la mji halijafungwa kwa usiku. Bibi akakataa. Mwanawe hatozaa mikononi mwa watu watakaombatiza mjukuu wake. Mama yangu alilia, akamshika miguu, Bibi yuko vile vile. Mimi nilikuwa pembeni mwa kitanda nampepea kwa kipepeo, na nilimwona mama mdogo anavyosikiliza.

Ndipo pepo akapanda.

"Nipelekeni kwa watu wangu," alisema, kwa ile sauti. "Wale Wakristo wenzangu."

Bibi alimtazama usoni, akamtazama sana.

"Na mwanangu?"

"Ntamrejesha. Yeye na mtoto wake."

Bibi akavaa buibui lake, akamwambia mama yangu akaombe gari kwa jirani.

Kule hospitali alitupokea mzungu mmoja mwanamke, daktari, Kiarabu chake kizuri kuliko changu. Bibi aliona ni adabu kumweleza kuwa mgonjwa ana pepo wa dini yao, basi wamtazame kwa wema. Daktari alibadilika rangi. Akasema hakuna shetani Mkristo, akaona mkononi mwa mama mdogo mkufu wa fedha aliovishwa kwa ajili ya pepo, akataka kuuvua. Bibi akaudaka. Basi wakawa wawili, huyu kashika huku na yule kule, na katikati mtu anakufa. Mpaka leo nikikumbuka nawakasirikia wote wawili.

"Mama, mwache auvue," mama mdogo alisema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, ndogo. "Nitoleeni mwanangu."

Mkufu ukavuliwa. Mzungu akaomba kwa jina la Yesu, Bibi akasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti ya kumfunika, kisha mgonjwa akaingizwa ndani kupasuliwa. Mimi niliwekwa mlangoni nichunge mtoto asitiwe maji. Nilipoona wanamwosha nilipiga mbio kwenda kusema wameshambatiza. Bibi aliingia, akamchukua, akamwadhinia mwenyewe sikioni, hakungoja mwanamume.

Kibuki hakupanda tena. Wamisheni walisema Yesu kamtoa. Wanawake wa mtaani wakasema amebaki hospitali kwa jamaa zake. Nilikua nikiwashuku wamisheni kwa maneno yao, na pepo nikimshuku kuwa atarudi kudai mkufu wake.

Bibi alipokuwa mzee, hatoki tena kitandani, nilimuuliza kwa nini siku ile alimkubalia pepo yale aliyokuwa kamkatalia binti yake.

"Kibuki hapandi bila ya kudai kinywaji," alisema. "Siku ile hakudai hata siki."

"Kumbe ulijua?"

"Nimemzaa mie. Nisimjue sauti?"

Nikamuuliza mbona hakusema. Akanambia, "Nilishasema sitaki, mbele ya watu. Ningerudi vipi nyuma kwa neno la mtoto wangu? Kwa pepo mtu harudi nyuma, analazimishwa." Halafu akaniomba nimgeuze ubavu.

Mama mdogo sasa anakaa Amerat na mwanawe yule yule, mtu mzima mwenye mvi, na sijapata kumuuliza habari ya sauti ile. Miaka yote nilikuwa na shaka na kila mtu isipokuwa yeye. Bibi alimshuku tangu neno la mwanzo, na ndiye aliyeagiza gari.