Sinia la Heshima

Baba mkwe wangu alishona suti za watu mpaka mgongo wake ukapinda kufuata cherehani. Kila mtu humwita Fundi, hata wanawe. Mkewe alipofariki na macho yake yakaanza kufifia, wanawe waliketi wakaamua apumzike. Cherehani ikatolewa kibarazani, akapewa jamaa mmoja. Fundi akahamishiwa chumba cha nyuma: kitanda kipya, televisheni kubwa, pazia zito. Yeye mwenyewe hakuulizwa.

Heshima ya nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Chakula cha Fundi kilipakuliwa kwanza, vipande vizuri vyote vyake, sinia likafunikwa kitambaa na kupelekwa chumbani. Mlango ukafungwa. Ndipo wengine wakakaa sebuleni kula na kucheka. Wifi yangu alijigamba kwa wageni kwamba baba yao hajawahi kula makombo. Kweli, hakuwahi. Wala hakuwahi kula na mtu.

Aliyebeba sinia ni mimi. Mume wangu alikuwa ameleta mwanamke mwingine, mimi nikasogezwa chumba cha pembeni mwa jiko, nikawa wa kupika na kufua. Wanaosema nilivumilia kwa upendo wakome. Nilikosa pa kwenda.

Siku moja sinia lilirudi kama lilivyokwenda. Kesho yake vilevile. Nikaingia kumuuliza kama chakula kimemchukiza. Alikuwa ameketi kitandani anakunja ukingo wa shuka kwa vidole, anaubana, anaunyoosha, kana kwamba anapinda suruali ya mtu.

"Chakula hakina kosa, mkwe," alisema. "Mwenye kosa ni mimi ninayeendelea kuamka."

Nikamuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Hakukasirika. Alisema ndiyo, anawaza, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Sikumwacha peke yake. Nilimshika mkono nikamketisha jikoni, akashinda ananitazama nikimenya na kukatakata, na kunikosoa.

Jioni walipokaa kula, nikawaambia. Mume wangu aliendelea kutafuna. Alisema huo ni uzee tu, wazee wote husema hivyo, na baba ana televisheni kubwa kuliko yake, sasa atake kufa kwa lipi? Mke mwenzangu akacheka. Wifi hakucheka.

"Mume amekushinda," aliniambia, "sasa unamtilia baba maneno mdomoni upate nyumba."

Nilirudi jikoni, nikamchukua Fundi na sinia lake kwa mkupuo mmoja, yeye mkono huu, sinia mkono ule. Nikamwambia mke mwenzangu asogee. Nikaliweka sinia katikati ya meza yao.

Fundi alisimama, ameshika kiti.

"Maneno ni yangu," alisema. "Mnanilisha kama mbwa mkali. Mnasukuma sahani, mnafunga mlango."

Hakuna aliyetafuna tena. Wifi akaanza kulia. Sikumpa leso.

Asubuhi mume wangu, aliyekuwa hana muda hata wa kumsalimia, alimpeleka zahanati. Nilikwenda nao, sikumwamini. Muuguzi alimuuliza Fundi lile lile nililomuuliza, waziwazi, kisha akamuuliza anakula na nani. Mume wangu akatazama viatu vyake. Tukaambiwa tusimwache peke yake, na tumrudishe kila wiki.

Cherehani haikurudi, jamaa aliyepewa aligoma. Sasa Fundi anashona kwa mkono kibarazani, mimi namtungia uzi kwenye sindano. Anakula mezani na kuwasumbua wote. Juzi alimwambia mume wangu suruali yake imeshonwa na mlevi, tena gizani. Zipo asubuhi anazoamka na uso ule wa zamani. Husema tu, "Leo mbaya, mkwe," nami naacha nguo kwenye beseni, nakaa naye.

Mimi sijasamehewa. Wifi ameapa hatakaa meza moja nami. Basi chakula chake nakipakua kwanza, vipande vizuri vyote, nafunika sinia kwa kitambaa safi, nampelekea chumbani kwake. Kisha nafunga mlango.