Harufu ya Kafuri

Juzi sokoni Kolwezi, muuza viatu mmoja alikuwa akitazama kwenye simu vijana wa Pakistani wenye bunduki, wakitabasamu na kuimba bila ngoma. Wimbo ule niliujua. Yaya Shabani, kaka yangu mkubwa, aliusikiliza kila siku baada ya rafiki yake kufukiwa ndani ya shimo la kobalti na asiende mtu kumfukua. Mgeni mmoja, aliyesema amesoma huko Pakistani, ndiye aliyemletea video hizo, pamoja na jibu la kila kitu.

Mchana mmoja, mimi nikiwa bado mtoto, Yaya alitoka bafuni akidondosha maji, ananukia kafuri mwili mzima. Nilifurahi.

“Yaya, unaenda kuoa?”

“Ndiyo, mutoto.”

Mama ndiye aliyeosha maiti za wanawake wa mtaa wetu, na kafuri ile ilikuwa yake. Aliacha kusonga bukari, ugali wetu.

“Shabani, ni nani amekufa?”

“Bado, mama.”

Akapanda lori la kwenda Lubudi. Mimi nikamsubiri bibi harusi mpaka mvua zikaanza.

Habari za kifo chake zilipofika, bila mwili, majirani walilia kwamba hakuna aliyemwosha. Mama peke yake aliwaambia, “Alijiosha mwenyewe.”