Uzi wa Kipimo cha Shingo

Wateja walimwita Mama Kipimo, na jina likamkaa. Ukutani mwa chumba chake cha kazi kulikuwa na misumari mitatu iliyojaa nyuzi za pamba, kila uzi na fundo lake: hii shingo ya bibi harusi fulani, hii ya mwalimu wa kwaya. Ukishapimwa mara moja, basi. "Watu husema uongo," alipenda kujigamba, "uzi haudanganyi." Na kweli, miaka thelathini ya kutunga shanga hakuwahi kurudishiwa kazi. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini?

Bintiye peke yake ndiye aliyethubutu kumbishia. Ndiye aliyeleta nyumbani waya wa shaba, vifungo vya mashati na vipande vya ndoo ya bluu iliyopasuka, akataka vichanganywe na shanga za kioo alizoacha bibi yake.

"Bibi yako atakohoa huko kaburini kwa vumbi la takataka hizi."

"Akikohoa ujue anacheka, mama."

Mama alikubali shingo upande. Kazi ikapendeza, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa akiwaambia wateja kwamba wazo lilikuwa lake.

Binti alipolazwa, aliomba kitu kimoja tu: mkufu wa kubana shingo, shanga za bibi katikati, vifungo vyake pembeni. "Nataka niuvae nikiwa bado naweza kujitazama," alisema, akigusa kioo kidogo alichokificha chini ya mto. Mama akamkemea aache uchuro. Akaenda nyumbani, akatungua msumarini uzi wa bintiye, wenye fundo la miaka minne nyuma, akaanza kazi.

Alitunga wiki mbili. Shanga za zamani tundu zake ni nyembamba. Ukiisukuma sindano kwa pupa, kioo hupasuka mkononi. Kila siku alikwenda wodini, akamlisha mwanawe uji, akamfuta shingo ile ile kwa kitambaa, na bado hakuiona. Kwake, uzi ulikuwa umeshasema.

Siku ya kuuvalisha, mkufu haukushika shingo. Uliteleza ukalala juu ya mifupa ya kifua. Muuguzi aliyekuwa akipanga dawa akageuka upande. Binti alikuwa amekonda kama ng'onda, na mama yake ndiyo kwanza anamwona.

"Mama, huu umemtungia ng'ombe," binti alisema, akicheka kwa shida. "Punguza tu. Toa vifungo vyangu, za bibi ziache."

Ilikuwa kazi ya dakika kumi, na sindano ilikuwemo mkobani. Lakini kupunguza kulikuwa kukubali, na mama huyu hakuwa na moyo wa kukubali.

"Sipunguzi. Utanenepa, utakutosha."

"Nataka kujiona, mama."

"Nimesema utanenepa."

Akauvua, akauviringisha kwenye kitambaa, akarudi nao nyumbani. Binti hakubisha. Maisha yake yote alikuwa akibisha, siku hiyo akakirudisha tu kioo chini ya mto.

Alifariki siku ya tatu, asubuhi, mama akiwa njiani na chupa ya uji.

Majuto ni mjukuu. Ndugu walipokwisha kumwosha marehemu, Mama Kipimo aliomba aachwe naye kidogo. Alikata uzi mpya wa pamba, akauzungusha shingoni mwa mwanawe, akafunga fundo. Kisha akaketi sakafuni, akafungua mkufu na kutoa vifungo kimoja kimoja, kama alivyoagizwa. Vilikuwa kumi na tisa. Akavitia mfukoni, akafunga upya ncha za mkufu, akamvalisha.

Shangazi mtu alipofungua mlango kusema watu wanasubiri, alimkuta ameinama, ameshika kile kioo kidogo alichokichukua wodini chini ya mto, mbele ya uso uliofumba macho.

"Umekutosha, mwanangu," alikuwa akisema. "Haya, jitazame. Umekutosha."