Birika Lililotobolewa la Ezra Raistrick

Watu wa kijiji cha Skelby walimjua Hilda Raistrick kwa mambo mawili. La kwanza ni gusberi, yale matunda ya kijani yenye vinyweleo, machachu kama salamu za mama mkwe, ambayo yeye aliyalea mpaka yakapita mayai ya kware kwa ukubwa. La pili ni damu. Babu wa baba yake, Ezra, ndiye aliyeshukiwa kumkata koo mwenye kinu cha unga kijijini, zama za Malkia Viktoria. Mahakama ilimwachia kwa kukosa ushahidi. Kijiji hakikuhitaji ushahidi. Kilikuwa na baa.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei, goti moja bovu, kofia ya marehemu mumewe kichwani, jua au mvua. Kuolewa aliolewa, ila Skelby ilikataa kumbadilisha jina. Shuleni walimwita Koo. Siku ya harusi yake, kasisi alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, mtu nyuma kule alipitisha kidole shingoni, kanisa zima likaangua kicheko, na bibi harusi ndiye aliyecheka kuliko wote. Hayo alishayazoea.

Asichokizoea ni midomo ya Clifford Umpleby, mwenye baa. Clifford alikuwa amegundua kwamba watalii wakitishwa hunywa zaidi. Basi kila Jumamosi aliwasimulia kuwa Ezra alikuwa askari katika vita vya Krimea, na kwamba kiangazi cha 1855, mle mahandakini Sevastopoli, ndimo alimojifunza kuchinja Warusi gizani bila hata kuku kushtuka. Sasa alikuwa ameagiza kibao cha shaba: EZRA RAISTRICK, ASKARI NA MCHINJAJI. Kingetundikwa siku ya maonyesho ya gusberi ya kila kiangazi, ambapo tunda zito kuliko yote hushinda.

Hilda alimfuata kaunta.

"Cliff, hakwenda vitani yule."

"Ulikuwepo, bibi?"

"Wewe ulikuwepo Sevastopoli?"

"Mimi nina kitabu."

"Kaandika nani?"

"Bwana mmoja msomi. Alikaa kiti hichohicho ulichokalia, akanywa bia mpaka nikamsaidia kuvaa koti."

"Na yeye alisimuliwa na nani?"

Clifford alifuta glasi ambayo ilikuwa kavu tangu asubuhi. "Na mimi."

"Haya. Umejisimulia, ukajinunua, sasa unajisoma."

"Lete ushahidi, Bi Koo. Nikiuona kwa macho yangu, kibao hakipandi ukutani."

Wanywaji wakapiga meza. Hilda akaondoka bila kumaliza bia yake, jambo ambalo halijapata kuonekana.

Maana ushahidi alikuwa nao. Ulikuwa kwenye banda la kuku, chini ya majani, kuku wakiutagia.

Mshindi wa gusberi Skelby hupewa birika la shaba lenye jina lake na mwaka. Na sharti lao ni kongwe kuliko paa la kanisa: mkulima asimame mwenyewe mbele ya mizani na tunda lake. Hakuna kutuma mtu. Mzee mmoja aliwahi kuletwa amelazwa juu ya mlango, akashinda, akafa akitabasamu. Birika la bandani lilikuwa na jina la Ezra na mwaka 1855. Mtu hawezi kusimama kwenye mizani ya Skelby na kwenye handaki la Sevastopoli kiangazi kimoja.

Tatizo ni kitako chake. Kilitobolewa kwa msumari. Na kila mtoto wa Skelby anajua maana yake: huyu aliidanganya mizani. Birika lake hutobolewa mbele ya watu, kisha hurudishiwa, asichemshie maji milele. Ezra alipenyeza risasi za kuwindia ndege ndani ya gusberi yake ili iwe nzito.

Baba yake Hilda alimwachia wosia kitandani: "Wakisema alichinja, tabasamu. Wakiuliza birika, hatuna birika." Skelby husamehe koo. Haisamehe mizani. Na mwaka huo, baada ya kushindwa maisha yake yote, Hilda alikuwa na tunda moja ambalo hata mbwa wa jirani alilipitia kwa adabu.

Angeweza kunyamaza. Lakini kutoka Skelby vijana watatu walikwenda Krimea kweli, wakafia huko kwa kuhara, na hawana hata kibao cha mbao. Leo Ezra aitwe askari?

Siku ya maonyesho ukumbi ulinuka chai na pai za nyama ya nguruwe. Norris Dowson, mpimaji, aliweka gusberi ya Hilda mizanini, mkono wa mizani ukashuka kama aliyezirai. Watu wakaguna. Nje, kwenye ukuta wa baa iliyo mkabala, Clifford alikuwa ameshapanda ngazi na nyundo.

"Mshindi ni..." Norris alianza.

"Ngoja, Norris. Cliff! Shuka huko, mjinga wewe, njoo uone."

Hilda akatoa birika kwenye kikapu cha mayai, akalitua mezani. Clifford akaingia, akasoma mwaka, akasoma jina, akasoma tena.

"Alikuwa hapa," Hilda akasema.

Norris akaligeuza birika, tundu likaonekana kitakoni. Mama mmoja aliyekuwa na pai mdomoni akasahau kutafuna.

"Hilda," Norris akauliza, "alitia nini?"

"Risasi za ndege."

"Mungu wangu," Clifford akanong'ona. "Si bora angechinja tu!"

"Huenda alichinja pia. Hilo sijui, na wewe hujui. Najua vitani hakwenda. Kama alijua kukata koo, alijifunzia hapahapa kwa nguruwe, kama baba zenu wote."

Sauti ikatoka nyuma: "Pasueni na tunda lake, tuone!"

Norris akalikinga tunda kwa kiganja. "Likipasuka halihesabiki, jamani. Ni sharti."

Hilda alitazama tunda lake. Kisha akachukua kisu cha pai. "Kisu kipo, na mkono wa ukoo upo." Akalikata katikati. Ndani mlikuwa na mbegu na maji, basi. Nusu akala yeye, nusu akamtia Clifford mdomoni, na uso wa Clifford ukajikunja kama soksi.

Birika jipya likaenda kwa Maud Thackray, mwenye tunda la pili kwa uzito, aliyelia kuliko Hilda.

Clifford ni bahili, shaba haitupi. Alikigeuza kibao, akachonga upande wa pili: EZRA RAISTRICK HAKWENDA KRIMEA. ALIKUWA HAPA AKITUDANGANYA. Watalii wakazidi kunywa. Watoto nao wameacha kumwita Hilda Koo. Siku hizi anaitwa Bi Risasi.

Birika la Ezra limetoka bandani, sasa liko dirishani kwa Hilda, limepandwa kijiti cha gusberi. Mmea huo haupendi maji yasimame miguuni, na hakuna chungu Skelby nzima kinachochuja vizuri kama hicho.