Habuba Alipokuwa Anavaa

Mwanangu, ipo siku moja ya Koboko ambayo haijanitoka moyoni, na jana uliponionyesha kwenye simu picha zako za nyumba za mawe, ulizozigeuza nyeusi na nyeupe ili zionekane za zamani, ilinirudia yote. Picha zako ni nzuri, nikaona hata wivu kidogo. Lakini sikuona mtu hata mmoja ndani yake, na hilo ndilo lililonichoma.

Zamani hizo nilikuwa kijana mwenye studio ndogo pale Oli, mtaa wa mji wa Arua, na maringo makubwa kuliko studio yenyewe. Filamu za rangi zilipelekwa Kampala kusafishwa. Za nyeusi na nyeupe nilisafisha mwenyewe, katika chumba nilichokiziba dirisha kwa blanketi. Huko ndiko nilikojifunza kupenda mawe. Jua la asubuhi likipiga ukuta kwa ubavu, kila jiwe linatoa kivuli chake, unaona mpaka alama za nyundo. Watu walinichosha. Wanapepesa macho, wanataka kupigwa wameshika redio, kisha wanakulaumu wewe kwa pua zao. Jiwe halina maneno.

Koboko alikaa dada mdogo wa bibi yangu. Unajua sisi Wanubi bibi tunamwita habuba, basi naye alikuwa Habuba Zena. Nyumba yake ya mawe aliijenga marehemu mume wake kwa mikono yake, na mimi nilitamani muda mrefu kuipiga picha. Siku hiyo nilifika kwake asubuhi mapema, jua likiwa bado chini.

Alifurahi mno. Binti yake wa pekee, Mariamu, alikuwa ameolewa mbali huko Bombo, hawajaonana miaka mingi, na Habuba hakuwahi kupigwa picha maishani mwake.

"Piga mimi hapa mulangoni," akasema. "Mariamu aone mama yake iko mzima. Ngoja kidogo tu, mimi navaa."

Sasa wewe wajua kidogo mambo ya mama zetu. Gurbaba si nguo ya kujitupia begani ukatoka. Inafukizwa udi kwanza, mwili unapakwa mafuta, ndipo nguo ile ndefu inazungushwa na kupangwa, na ikikaa vibaya inafunguliwa yote. Nikasimama uani, nasikia harufu ya udi, natazama jua linapanda. Vivuli vya mawe vikaanza kufupika. Kwenye filamu ilibaki picha moja tu.

Nikapiga ukuta.

Alipotoka, wallahi, bibi harusi angejificha. Akasimama mlangoni, mikono imenyooka, kidevu juu, akangoja. Nikamwambia filamu imekwisha.

"Wewe napiga ukuta?" akaniuliza taratibu. "Ukuta iko hapa kila siku. Mimi, Mungu tu najua."

Nikacheka, mwanangu. Nikamwahidi nitarudi na filamu mpya. Nikarudi Arua, zikaja harusi, zikaja picha za vitambulisho, na kila nilipomkumbuka nilisema wiki ijayo. Akafariki kabla sijarudi.

Arubaini ilipopita, Mariamu akaja studio. Mama yake alikuwa amemtumia salamu na wasafiri kwamba picha yake inakuja, naye alikuwa ameingoja muda wote huo. Nikamwambia ukweli, nikampa ile picha ya ukuta niliyokuwa nayo. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Aliitazama, kisha akaweka kidole kwenye dirisha la ukuta ule pichani, pale penye weusi mtupu.

"Mama iko hapa ndani," akasema. "Anavaa."

Akaifunga kwenye kitambaa chake, akaenda nayo Bombo. Mimi nilibaki nimekaa kwenye kiti cha wateja, nikalia kama mtoto.

Ukuta ule bado umesimama. Nenda Koboko kesho utaukuta, na alama za nyundo zote ziko palepale.

Basi sikukatazi mawe, wala huo weusi na weupe. Mimi mwenyewe naupenda hadi leo. Ninachokuambia ni hiki: nyumba ya zamani ina mwenyewe, na mwenyewe hana kesho nyingi. Ukifika uani kwa mtu, piga hodi kabla hujatoa simu. Akikuambia ngoja nivae, ngoja. Jua likikukimbia, potelea mbali, mpige hivyo hivyo katika mwanga mbaya. Na ukiahidi kurudi, rudi wiki hiyohiyo, hata kama watu wamejaa mlangoni kwako na pesa mkononi.

Mungu akubariki, mwanangu. Akuzidishie macho, akuhifadhie wakubwa wako. Na akupe subira ya kusimama uani, ili mlango utakapofunguliwa, mtu aliyejipamba kwa ajili yako akukute bado upo.