Sauti Tuliyoahidiwa Kwenye Kompyuta

Nilikuwa nafundisha sekondari moja ya Kasulu, na darasani kwangu kulikuwa na binti kutoka Manyovu ambaye macho yake yalikuwa yanazidi kufifia. Fundi wa kompyuta wa wilaya alituambia toleo jipya la mfumo linakuja, na ndani yake mna sauti inayosoma maandishi.

"Msiguse chochote, mwalimu. Subirini tu," alisema.

Tukasubiri. Mvua zikaanza, maharage yakavunwa, na binti akawa anasogeza kitabu mpaka kinagusa pua. Kila nilipopiga simu niliambiwa linakuja.

Hatimaye fundi alifika na flashi. Alipoanza kuliweka toleo hilo, kompyuta ya shule ikaandika kwamba ni ya zamani mno, haiwezi kulipokea. Akacheka.

"Basi subirini kompyuta mpya."

Nilimfokea mbele ya wanafunzi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilimuuliza kwa nini hakuja kuikagua mashine kabla ya kutuahidi. Alichomoa flashi yake akaondoka.

Nikavuta kiti karibu na binti, nikafungua kitabu cha biolojia na kuanza kumsomea, huku nikifunua kurasa kana kwamba nazichana.

"Mwalimu," alisema taratibu, "mimi sijakukosea."

Nikapunguza sauti, nikaanza upya ukurasa ule. Hasira haikuisha. Mpaka leo nikikutana na yule fundi sokoni, salamu yake naiitikia kwa shida.