Muvi ya madereva wa malori niliyomtafsiria baba yangu asiyeona

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yametokea nyumbani kwetu Msimbazi, Kariakoo, sijaongeza chumvi hata punje.

Baba yangu aliendesha lori la semi Dar hadi Lubumbashi tangu sijazaliwa. Kisukari kikamchukua macho.

Akaacha kutoka nje. Akaacha kubishana mpira. Mwisho akakataa na sindano zake. "Za nini tena, mwanangu? Niachie." Mama alikuwa analia dukani, wateja wanadhani biashara imekuwa ngumu.

Jumapili moja, Kariakoo imetulia, nikafungua muvi kwenye kompyuta. Ya Waingereza, bajeti ya mboga kabisa. Hakuna bastola, hakuna mapenzi. Madereva wawili wa malori, mvua, chai kwenye chupa, stori.

Kidogo niizime.

Baba akauliza toka kitandani, "Hiyo si injini ya lori?"

"Ndiyo, baba."

"Wanasemaje?"

Nikaanza kumtafsiria. Kiingereza changu cha kuungaunga, lakini twende hivyo hivyo. Dereva mmoja akamdanganya bosi kwamba yuko kwenye foleni, kumbe anakula. Baba akacheka! Wakuu, kicheko kile nilishakisahau.

Ikafika sehemu dereva mzee anaambiwa na daktari basi, asiendeshe tena. Anarudi kwenye lori lake, anakaa. Hasemi neno. Na mimi nikawa sina cha kutafsiri.

"Mbona kimya?"

"Amekaa tu, baba. Ameshika usukani."

Akajiinua, akaketi kitandani. "Mimi hata kuliaga gari sikuliaga. Macho yalinigomea Tunduma, nikarudishwa na basi, gari akapewa mwingine."

Machozi yakamtoka. Muda wote ule nilidhani analilia macho.

Kesho yake nikamshika mkono hadi yanaposhusha mizigo malori. Nikamweleza dereva mmoja, kijana wa rika langu. Hakutaka maelezo mengi.

"Shikamoo mzee. Panda."

"Marahaba, mwanangu."

Akapanda mwenyewe, miguu inazijua ngazi. Akapapasa usukani, akaitafuta gia, akaomba injini iwashwe. Akakaa. Makuli walisimama na mizigo kichwani wanamwangalia, na hakuna aliyepiga kelele kwamba anazibiwa njia. Kariakoo hii hii!

Aliposhuka akaniambia, "Haya, twende nyumbani ukanichome hiyo sindano, kisha tule."

Sasa hivi anashinda dukani na mama, anasalimiana na mtaa mzima.

Nilichojifunza: mgonjwa tunamuuliza kama amekula, kama ametumia dawa. Anachokikosa hatumuulizi.

Waliotengeneza muvi ile hawatanijua, ila nawashukuru sana. Wenye wazazi walioachishwa kazi na maradhi, ninyi mliwatoaje ndani? Andikeni, nasoma zote.

Na wewe dereva, jina lako sikuuliza. Kama umo humu, jitokeze. Mama anataka kujua unapenda chakula gani.